Kumchagulia Mtoto Jina Fupi

Mtoto azaliwapo hana kitu chake mwenyewe. Nguo hupewa, maziwa hupewa, na jina pia hupewa. Nguo zitachakaa kabla hajajua kutembea, na maziwa ya mama atayaacha akiisha kuota meno. Lakini jina atakaa nalo mpaka uzee, na hata baada ya kufa kwake watu watamtaja kwa jina lilo hilo. Tena zawadi hii ina jambo la ajabu. Ni mali ya mtu mmoja, lakini waitumiao ni watu wengine. Mwenyewe hulitaja mara chache, pale anapoulizwa tu. Bali mama yake, ndugu zake, rafiki zake na mwalimu wake hulitaja mchana kutwa. Kwa hiyo wazazi wenye busara hawatafuti jina linalopendeza katika maandishi tu. Hutafuta jina la kuitwa.

Wazazi wengi wapatapo mtoto mwanamume hupenda kumpa jina fupi lenye irabu nyingi, kama vile Ali, Isa, Mika, Eliya au Hosea. Je, wafanya vema? Jina la namna hiyo lina faida kubwa, lakini lina hatari zake pia, na asiyezijua aweza kumtwika mwanawe mzigo bila kukusudia. Yafaa kuzitazama faida na hatari hizo moja moja.

Irabu na konsonanti

Irabu za Kiswahili ni tano: a, e, i, o, u. Mtu atamkapo irabu, kinywa chake huwa wazi, na pumzi hutoka bila kuzuiwa. Irabu moja hutofautiana na nyingine kwa umbo la kinywa na mahali pa ulimi: kwa a kinywa hufunguka sana, kwa i midomo hutanuka, kwa u midomo huviringana. Sauti nyingine huitwa konsonanti. Mtu atamkapo konsonanti, pumzi huzuiwa au kubanwa mahali fulani. Kwa b na p huzuiwa na midomo. Kwa t na d huzuiwa na ncha ya ulimi nyuma ya meno. Kwa k na g huzuiwa na shina la ulimi juu ya kaakaa.

Basi irabu yaweza kuvutwa. Mtu aweza kusema aaa mpaka pumzi imwishie. Lakini hawezi kuivuta t wala k, kwa maana sauti hizo hukatika mara zinapotoka. Ndiyo sababu mtu amwitaye mwenziwe aliye mbali huvuta irabu. Mchungaji aliye upande huu wa bonde akimwita Juma aliye upande wa pili husema, "Jumaaa!" Irabu ndiyo ichukuayo jina hewani kama punda, na konsonanti hupanda juu yake kama mzigo. Pasipo punda, mzigo hauendi mbali.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili wenyewe. Mmoja asimame mwisho wa kiwanja, akiwapa wenzake kisogo. Mwingine asimame upande wa pili, aite kwanza "Ali", kisha "Frank". Jina la kwanza lina herufi tatu, na mbili kati yake ni irabu. Jina la pili lina herufi tano, na irabu ni moja tu; lile n na k la mwisho hupotea njiani, na asikiaye hupata kitu kama "fra" tu. Jina refu si lazima lifike mbali kuliko jina fupi. Lifikalo mbali ni lile lenye irabu za kulichukua.

Jinsi Kiswahili kiongezavyo irabu

Lugha ya Kiswahili hupenda neno liishe kwa irabu, na hupenda irabu ikae kati ya konsonanti na konsonanti. Majina ya kigeni yaingiapo katika lugha hii hubadilika yafuate desturi hiyo. Waarabu husema Yusuf, Rajab, Salim, Said, Rashid. Waswahili husema Yusufu, Rajabu, Salimu, Saidi, Rashidi. Mtu akiyatazama majina haya vizuri ataona kanuni ndani yake. Kama konsonanti ya mwisho hutamkwa kwa midomo, kama f, b na m, irabu inayoongezwa mara nyingi ni u, kwa kuwa u nayo hutamkwa kwa kuviringa midomo. Kama konsonanti ya mwisho ni nyingine, irabu inayoongezwa mara nyingi ni i. Kwa hiyo Ibrahim huwa Ibrahimu, na Adam huwa Adamu, lakini Daniel huwa Danieli, na Samuel huwa Samweli. Hakuna baraza lililokaa likaitunga kanuni hii. Vinywa vya watu ndivyo vilivyoitunga.

Jina lililo na irabu za kutosha tangu mwanzo halihitaji msaada huo. Ali hubaki Ali, Musa hubaki Musa, Luka hubaki Luka, kwa kijana wa mjini na kwa bibi kizee wa shamba sawasawa. Lakini jina kama Alfred hubadilika kwa kila kinywa: huyu asema Alfredi, yule asema Alufredi, na mwingine Alufuredi. Hapo mtoto mmoja huwa na majina matatu katika nyumba moja.

Tena watu wenyewe hufupisha majina marefu. Abdallah huitwa Dula, Suleimani huitwa Sele, Ramadhani huitwa Rama, na Ibrahimu huitwa Ibra. Na iangaliwe jinsi majina haya mafupi yalivyo: kila moja lina silabi mbili, na kila moja huishia kwa irabu. Wazazi wampapo mtoto jina refu, jirani zao na watoto wenziwe hulikata mpaka lifae kuitwa. Mzazi ampaye mwanawe jina fupi humchagulia yeye mwenyewe jina lake la kila siku. Mzazi ampaye jina refu huwaachia wengine kazi hiyo, na huenda wasiifanye kama apendavyo.

Majina ya mataifa mbalimbali

Jina fupi si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Pwani, tangu zamani mtoto mwanamume aliyezaliwa siku ya Ijumaa huweza kuitwa Juma, na aliyezaliwa siku ya sikukuu huweza kuitwa Idi. Mosi ni jina la mtoto wa kwanza. Wasukuma na Wanyamwezi huwaita mapacha Kulwa na Doto, na mtoto afuataye baada ya mapacha huitwa Shija. Waganda humwita pacha wa kwanza mwanamume Wasswa, na wa pili Kato. Majina haya ni mafupi, huishia kwa irabu, na husimulia habari ya kuzaliwa kwa mwenye jina.

Wajaluo, wakaao kando ya Ziwa la Viktoria, wana desturi nzuri kuhusu irabu. Majina yao mengi ya wanaume huanza kwa o, na ya wanawake huanza kwa a. Mtoto mwanamume aliyezaliwa usiku huitwa Otieno, na msichana huitwa Atieno. Aliyezaliwa jioni huitwa Odhiambo au Adhiambo. Aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Okoth au Akoth. Pacha wa kwanza mwanamume ni Opiyo, na wa pili ni Odongo. Hivyo irabu moja mwanzoni mwa jina humjulisha asikiaye kama mwenye jina ni mume au mke. Kazi kubwa hufanywa na herufi moja.

Huko Ethiopia palikuwa na mkimbiaji mashuhuri jina lake Abebe. Maana ya jina hilo katika Kiamhari ni kuchanua, kama ua lichanuavyo. Watu wengi humwita Abebe Bikila, lakini jina lake mwenyewe ni Abebe, kwa maana Waethiopia hutanguliza jina la mtu mwenyewe. Mwaka 1960 Abebe alikimbia mbio ndefu za marathoni katika michezo ya Olimpiki huko Rome, akakimbia miguu mitupu, akawashinda wote. Mwaka 1964 akashinda tena huko Tokyo. Jina lake lina herufi tano, na tatu kati yake ni irabu. Waitaliano waliweza kulitamka, na Wajapani pia, kwa kuwa lugha zao nazo hupenda maneno yenye irabu nyingi.

Mbali sana, katika bahari kuu ya Pasifiki, viko visiwa vya Hawaii. Wenyeji wa huko wana irabu tano kama za Kiswahili, lakini konsonanti zao ni nane tu, na kila silabi ya lugha yao huishia kwa irabu. Neno lao kwa bahari ni kai, na watoto wengi huitwa Kai. Katika mji wa Honolulu, visiwani humo, mwaka 1961 alizaliwa mtoto wa baba Mjaluo wa Kenya, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 2009 mpaka mwaka 2017. Jina lake la kwanza, Barack, lina asili moja na neno baraka. Na jina la ukoo wake, Obama, lina irabu tatu na konsonanti mbili. Ulimwengu wote ulijifunza kulitamka bila taabu.

Hatari ya majina yanayofanana

Hizo ndizo faida. Sasa na zitazamwe hatari. Imekwisha kuelezwa kwamba irabu hufika mbali, na konsonanti hupotea njiani. Jambo hilo lina upande wake wa pili. Jina la Juma likipigiwa ukelele kutoka mbali, upepo ukivuma, kifikacho masikioni ni u na a. Jina la Musa nalo ni u na a. Jina la Luka nalo ni u na a. Katika chumba majina haya matatu hayafanani hata kidogo. Ng'ambo ya mto yanafanana kama mayai.

Na ifikiriwe nyumba moja iliyo juu ya ukingo wa mto, yenye watoto wawili, Juma na Musa. Watoto wamekwenda kuchunga mbuzi. Mvua imenyesha milimani, na mama aona maji ya rangi ya udongo yakishuka kwa nguvu. Musa yuko mahali pa juu pamoja na mbuzi. Juma ameingia kivukoni na maji yamfika magotini. Mama ampigia ukelele. Watoto wote wawili wasikia sauti ya mama yao, na wote wawili wasikia u na a. Musa adhani aitwa yeye, ainua mkono kuitikia. Juma amwona nduguye akiitikia, naye adhani kwamba jambo hilo halimhusu, aendelea kuvuka. Muda wa kuita mara ya pili waweza kuwa mrefu kupita muda ambao maji yamempa.

Kama ndugu huyo angaliitwa Eliya au Yona, Juma angalijua mara moja kwamba aitwaye ni yeye. Kwa hiyo, wazazi wamchaguliapo mtoto jina fupi, na wayatazame majina ya ndugu zake walio nyumbani, wala si herufi ya kwanza tu, bali irabu zake. Irabu iliyo muhimu kuliko zote ni ile yenye mkazo. Katika Kiswahili mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho; hivyo katika Juma mkazo u juu ya u, katika Mika u juu ya i, na katika Yona u juu ya o. Majina haya matatu huishia kwa a, lakini hayawezi kuchanganyika kwa urahisi, kwa sababu irabu zenye mkazo ni mbalimbali.

Hatari ya maana

Maneno mafupi ni machache kuliko maneno marefu. Kwa sababu hiyo jina fupi sana aghalabu hukutana na neno jingine lililo fupi vile vile. Mtu apendaye irabu kupita kiasi aweza kufika mahali pa kumwita mwanawe kwa irabu tupu, na hapo ataingia matatani, maana Kiswahili kina maneno ya irabu tupu nayo yana kazi zake. Oa ni amri kwa mtu asiye na mke. Ua ni pambo la bustani, tena ni uzio wa nyumba, tena ni amri ya kutisha. Hakuna mama atakaye kusimama mlangoni jioni akipiga kelele, "Ua! Ua!" Majirani watakuja na mikuki.

Wako watu wa Ulaya wawaitao watoto wao Leo, na maana yake katika Kilatini ni simba. Ni jina zuri. Lakini katika Kiswahili leo ni siku hii. Mwalimu aulizapo, "Nani hayupo?" na mtoto ajibu, "Leo hayupo," mwalimu atauliza tena, "Najua ni leo. Lakini ni nani?" Vivyo hivyo neno ole katika Kiswahili ni neno la msiba na onyo, lakini kwa Wamasai ole hutangulia jina la babaye mtu au la ukoo wake, na maana yake ni mwana wa. Mmasai hulitaja kwa heshima. Sauti ni ile ile, maana ni mbili. Kwa hiyo jina lipimwe katika lugha ya nyumbani, katika Kiswahili, na katika lugha ya majirani, ili mtoto asije akachekwa njiani kwa kosa lisilo lake.

Tena maana njema haiachwi kwa ajili ya ufupi. Majina mengi mafupi yana maana kubwa. Ali ni aliye juu. Yona ni njiwa. Hosea ni wokovu. Mika ni swali: ni nani aliye kama Mungu? Herufi nne zimebeba sentensi nzima.

Hatari ya kalamu

Zamani jina lilikaa midomoni mwa watu tu. Siku hizi jina hukaa katika vitabu. Tanzania Bara, sheria hutaka kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe ndani ya siku 90, na jina litakaloandikwa katika cheti cha kuzaliwa ndilo litakalofuata katika daftari la shule, katika cheti cha mtihani, katika kitambulisho na katika hati ya kusafiria. Herufi moja ikizidi au ikipungua, karani aweza kusema kwamba hawa ni watu wawili.

Watu wengine hudhani kwamba jina la herufi tatu haliwezi kukosewa. Sivyo. Jina Ali huandikwa Ali, na Ally, na Aly. Jina Isa huandikwa Isa na Issa. Kijana aliyeandikwa Ali katika cheti cha kuzaliwa na Ally katika cheti cha shule huenda akatafuta kazi au nafasi ya masomo, akaambiwa arudi nyumbani akalete kiapo cha kuthibitisha kwamba yeye ni yule yule. Safari hiyo hula nauli na siku, na nafasi huweza kupewa mwingine. Taabu hii yote yaweza kuzuiwa siku ya kwanza. Wazazi na waamue jinsi jina litakavyoandikwa, waliandike wenyewe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, wamwonyeshe mwandishi, kisha wasome alichoandika kabla ya kuondoka. Na mtoto akijua kuandika, afundishwe kuliandika jina lake kwa namna moja, siku zote.

Haki ya wazee

Kuna jambo jingine lisilopasa kusahauliwa. Mtoto si wa baba na mama peke yao. Ni wa ukoo. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto mwanamume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Huko Burundi majina mengi ni sentensi nzima, kama Ndayishimiye, maana yake namshukuru Yeye, yaani Mungu. Jina kama hilo si fupi, lakini asiwepo mtu wa kulidharau. Limebeba shukrani ya wazazi, na watu wa huko hulitamka bila kukwama, maana kila silabi yake huishia kwa irabu. Urefu peke yake si kosa. Kosa ni jina lisilotamkika kwa wale watakaolitumia.

Basi kijana na binti waliooana, wapendao jina fupi, wafanyeje ikiwa wazee wataka jina refu la babu? Wasishindane. Na wakumbuke kwamba mtu wa nchi hizi mara nyingi huwa na majina matatu: lake, la baba yake, na la babu yake. Babu mzaa baba amekwisha kuwamo. Jina la kwanza likiwa fupi huyapa nafasi yale mawili yanayolifuata.

Mfano wa kuchagua

Ili mambo haya yaeleweke, na uchukuliwe mfano wa nyumba moja. Baba aitwa Petro, na babu aitwa Nathanaeli. Nyumbani wako watoto wawili, Luka na dada yake Neema. Sasa amezaliwa mtoto mwanamume, na majina manne yameletwa. Mjomba ataka Musa. Babu ataka jina lake mwenyewe, Nathanaeli. Binamu arudiye kutoka mjini ataka Leo. Mama ataka Mika.

Jina la kwanza, Musa, ni jina jema, lakini irabu zake ni zile zile za Luka. Watoto wawili watageuka kwa mwito mmoja. Jina la Leo litachanganyika na siku. Nathanaeli ni jina lenye maana tukufu, nayo ni kwamba Mungu ametoa. Lakini lina silabi tano, na watoto wenziwe watalikata wapendavyo. Mika lina silabi mbili, bibi aweza kulitamka, irabu yake yenye mkazo si ya Luka wala ya Neema, na maana yake ni njema. Likiunganishwa na jina la baba huwa Mika Petro, na kila jina husikika peke yake. Kama jina la baba lingalianza kwa a, kama Andrea, mtu asemaye upesi angaliyaunganisha yakawa Mikandrea. Hapo ingalifaa kufikiri tena.

Na babu je? Mtoto akiandikwa kwa majina yake matatu atakuwa Mika Petro Nathanaeli. Jina la mzee litakuwamo katika kila cheti atakachopata mjukuu wake. Babu akiambiwa hivyo, huenda akaomba yeye mwenyewe awe wa kwanza kumwita mtoto kwa jina lake jipya.

Kwa ufupi, jina na lipimwe kwa mambo manne kabla ya kuandikwa. Litamkwe na mzee asiye na meno na mtoto aanzaye kusema. Liitwe kutoka mbali pamoja na majina ya ndugu zake. Liulizwe maana yake katika lugha za jirani. Liandikwe kwa namna moja tu. Jina lishindalo mambo hayo yote manne litamtumikia mtoto vema, liwe fupi au refu.

Wahenga walisema, "Jina jema hung'ara gizani." Hawakusema habari za irabu wala za silabi, walisema habari za sifa ya mtu. Wazazi humpa mtoto sauti ya jina lake, nao huimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Sifa yake ataitafuta yeye mwenyewe kwa matendo yake, na kazi hiyo ni ya siku zote.

Maswali

1. Kwa nini mtu amwitaye mwenziwe aliye mbali huvuta irabu, wala havuti konsonanti?
2. Majina Yakub, Hamis na Rahim yakiingia katika Kiswahili huongezewa irabu gani? Eleza sababu.
3. Andika majina ya watoto wote wa nyumbani kwenu. Ni yapi yawezayo kuchanganyika yakiitwa kutoka mbali?
4. Muulize mzee mmoja maana ya jina lako na sababu ya kupewa jina hilo. Andika majibu yake katika sentensi tano.
5. Tazama jina lako katika daftari la shule na katika cheti chako cha kuzaliwa. Je, limeandikwa kwa namna moja?